Delta ya Mkuu wa Idara

Jumatatu, 3 Machi

Nimestaafu mara mbili, na mara zote mbili nimerudishwa darasani. Safari hii aliyenirudisha ni mwanangu mwenyewe. Amejifungua mtoto wa kiume, mzima, ana sauti ya kuitia watu mkutanoni. Mumewe yuko kazini mbali hadi mwisho wa mwezi, kwa hiyo mama na mtoto wako hapa kwetu. Kozi yake chuoni imebaki yatima—Utangulizi wa Jiografia ya Maumbile na Mifumo ya Dunia, mwaka wa kwanza. Nimekabidhiwa mimi.

Nyumba nyingine bibi hulea na babu husoma gazeti. Hapa kwetu mimi ndiye natoka asubuhi na mkoba, mume wangu anabaki na nepi. Alikuwa fundi wa saa maisha yake yote. Nepi anaibadilisha vilevile: anavaa miwani, anabana pumzi, anapanga kila kipande mezani kabla hajagusa kitu. Mjukuu anamtazama kwa heshima.

Mwanangu kaniketisha jioni. Kasema kozi hii ndiyo mkataba wake, hana mwingine. Mkuu wa Idara anataka mihadhara irekodiwe, wanafunzi waitazame kwenye skrini, na mazoezi ya nje yafutwe kabisa. Kamati itakaa mwisho wa mwezi. Wakikuta darasa limechelewa au limevurugika, kozi inageuka video na mwanangu anarudi nyumbani kutafuta kazi na mtoto mgongoni.

"Mama, fuata ratiba tu. Ratiba na slaidi. Usieleze sana."

Nimeahidi. Alinitazama kama mtu anayemwachia paka sahani ya samaki.


Jumanne, 4 Machi

Darasa la kwanza. Ukumbi mkubwa, viti vinavyolia kila mtu akijigeuza. Projekta iligoma. Nikashukuru kimyakimya, nikachukua chaki.

Nikawaambia: dunia ni nyumba yenye wapangaji wanne—hewa, maji, mwamba na uhai. Mmoja akikohoa, wote wanaamka. Nikatoa mfano wa mjukuu wangu. Ana uzito wa mfuko mdogo wa unga, lakini akicheua tu, babu anakimbilia kitambaa, mama anaamka, mimi nazima jiko, jirani anapunguza redio. Huo ndio mfumo. Walicheka, na nadhani hawatasahau.

Kijana mmoja safu ya pili, kavaa shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu, kanyoosha mkono. Kauliza kama habari ya mjukuu itaulizwa kwenye mtihani. Baadaye kauliza hivyohivyo kuhusu hewa. Kisha kuhusu mawingu. Nimembatiza jina kimoyomoyo: Litaulizwa.

Mwisho nikawapa kanuni yangu ya zamani. Maumbile hayapigi mstari ulionyooka. Mto hupinda, pwani hujikunja, hata ufa wa mwamba una mashaka yake. Ukiona mstari umenyooka juu ya ardhi, tafuta mkono wa mtu. Litaulizwa akaandika, akapigia mstari chini. Ulionyooka, nadhani.

Slaidi za leo zilikuwa ishirini. Kwa chaki nimefika ya tatu.


Alhamisi, 6 Machi

Zoezi la mistari ya kontua. Ni la mwanangu, zuri mno: unakata kiazi nusu, unakilaza kwenye beseni, unamimina maji kidogo, unachora kwa kalamu pale maji yalipogusa. Unaongeza maji, unachora tena. Ukikitazama kwa juu, unaiona ramani ya mlima.

Nilichukua viazi vya nyumbani. Mume wangu kafungua kabati akitafuta chakula cha jioni, kakuta milima kumi na miwili. Kauliza kwa upole kama tunaweza kula angalau kile chenye miteremko ya taratibu.


Jumanne, 11 Machi

Bado mawingu. Ratiba inasema tuwe tumemaliza maji ya ardhini na tunaingia kwenye mito. Lakini binti mmoja aliuliza kwa nini ardhi kavu ikipata mvua ya kwanza inatoa harufu. Sasa swali kama hilo unalipitaje? Ni kama kumpita mgeni mlangoni bila kumwambia karibu. Nikaeleza. Saa ikaisha.

Mwanangu kauliza tumefika wapi. Nikasema tunakwenda vizuri. Mume wangu, na mtoto begani, akakohoa kidogo. Miaka arobaini na sita ya ndoa—kile kikohozi nakijua.


Alhamisi, 13 Machi

Leo niandike yote, kabla watu hawajaanza kuniandikia.

Zoezi la udongo. Wanafunzi wachimbe shimo la kina cha kiuno nyuma ya jengo la idara, waone matabaka: juu jeusi la majani yaliyooza, chini yake la kahawia, chini zaidi jekundu la mfinyanzi, mwisho mwamba unaomeguka. Mwanangu alishaacha kijiti chekundu mahali pa kuchimba. Nikapachunguza. Vipande vya matofali, mifuko ya saruji, msumari. Pale palifukiwa kifusi wakati wa ujenzi. Utamfundishaje mtu matabaka ya udongo kwenye jalala la mafundi?

Juu kidogo, kwenye mteremko mtupu unaoshuka hadi kwenye maegesho ya magari, niliona nyasi. Kiangazi chote hiki, kila kitu kimekauka kama karatasi, na pale pana nyasi mbichi, nene, zinang'aa. Moyo ukaniruka. Nikawakusanya. Nikawaeleza kwamba nyasi ni barua kutoka chini ya ardhi: hapa pana mshipa wa mfinyanzi, mfinyanzi hushika unyevu, unyevu hulisha mizizi. Tutachimba hapa.

Litaulizwa kanyoosha mkono. Nikasubiri swali lake la kila siku. Halikuwa lile.

"Mwalimu, mbona hizi nyasi zimenyooka?"

Nikatazama. Zilikuwa ukanda, upana wa hatua moja, kutoka kwenye tangi la maji la juu hadi jengoni. Zimenyooka kama rula. Na mimi, mwenye kanuni, mtu mzima niliyekula chumvi hii yote, nikamwambia kwamba mshipa wa mfinyanzi wakati mwingine hufuata ufa kwenye mwamba. Nilieleza vizuri sana. Hata mimi mwenyewe niliamini.

Pigo la tano hivi la sururu likatoa sauti ya chuma. Kisha maji—kwanza kama chai inayomiminwa, halafu kama hasira.

Kumbe bomba lilikuwa linavuja kidogokidogo tangu zamani, ndilo lililokuwa likinyweshea nyasi. Barua niliisoma sawasawa. Aliyeiandika ndiye sikumjua.

Nikamtuma binti mmoja mbio kwa fundi bomba. Akarudi: fundi yupo, ufunguo wa koki kuu uko kwa mtunza stoo, mtunza stoo kaenda kula. Wanafunzi wamesimama, viatu vimelowa, wananitazama. Maji yanashuka mteremkoni. Na pale ndipo—nakiri bila aibu kubwa—niliona kitu kizuri.

Yalikuwa yanachimba mto.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Sawa. Lakini hawakusema hayafundishi. Nikavua viatu. Tazameni, nikawaambia, maji hayatafuti njia fupi, yanatafuta njia rahisi. Lile jiwe limeyasukuma kushoto. Sasa kwenye kona, upande wa nje yanakimbia, yanakula ukingo; upande wa ndani yanatembea, yanaacha mchanga. Kesho kona itakuwa kubwa kuliko leo. Ndiyo maana mto hujikunja. Ukingo mmoja ukadondoka mbele ya macho yao, paa, na darasa zima likashangilia kama goli limefungwa.

Tukashuka nao hadi chini. Kwenye maegesho, palipo tambarare, mto ukafunguka kama kiganja. Maji yakikimbia hubeba, nikasema, yakichoka huweka chini. Vizito kwanza, vyepesi mwisho, kama mtu anayetoka sokoni. Kokoto hapa, mchanga pale, tope laini ukingoni kabisa. Delta! Kamili, yenye vidole vitano, na kila kidole kilikuwa kimekumbatia gurudumu au kinaelekea kulikumbatia. Gari lilikuwa jeupe, limeoshwa asubuhi. La Mkuu wa Idara.

Mtunza stoo alimaliza kula. Koki ikafungwa. Chuo kizima hakikuwa na maji hadi jioni.

Mmomonyoko, usafirishaji, mito, delta, maji ya ardhini. Nimeangalia ratiba. Sasa hatujachelewa.


Ijumaa, 14 Machi

Ofisini kwa Mkuu. Zulia nene hata sauti haisikiki. Nilimfundisha huyu akiwa sekondari—mtoto mwembamba, alikuwa akipewa ruhusa ya kwenda maliwatoni anakutwa kwenye mfereji nyuma ya shule, anajenga bwawa la matope. Shahada yake ya juu aliipata kwa kutafiti mchanga wa mito. Sasa ana viatu ambavyo havijawahi kuona vumbi.

Alinipa kiti, akaniita Mwalimu, akaniamkia. Adabu yake haijaharibika. Kisha akasema kwa upole mkubwa kwamba bomba ni bahati mbaya, lakini maji yalikimbia muda wote ule na mimi nikaendelea kufundisha. Akaniuliza kama ni kweli nilimwambia mlinzi asisogeze gari kwa sababu "delta bado haijakomaa".

Ni kweli.

Kasema hataki mabishano. Kamati haitangoji mwisho wa mwezi, itakaa Alhamisi ijayo. Watakuja kuona eneo la tukio wenyewe. Hajasema watakachoamua. Haikuwa lazima aseme.


Jumamosi, 15 Machi

Mwanangu hasemi nami. Anapitishia kwa baba yake. "Mwambie Mama kijiti kilikuwa na sababu." Mume wangu ananigeukia—niko hatua mbili tu kutoka hapo—anasema kijiti kilikuwa na sababu. Ninauliza sababu ni ipi. Anamgeukia. Mwanangu anasema alikwenda kwa fundi bomba, akaoneshwa mabomba yalipopita, na kile kifusi ndicho mahali pekee ambapo hakuna kitu chini.

Mjukuu alilala wakati wote huu. Yeye na babu yake ndio wenye akili timamu humu ndani.

Alasiri nilimpelekea mwanangu uji. Akaupokea. Nikasema nitakwenda mbele ya kamati niwaambie kosa ni langu peke yangu.

"Mama, wewe ukikosea ni hadithi. Mimi nikikosea ni mkataba."

Hakusema kwa ukali. Ningependa angesema kwa ukali. Nimeketi uani tangu wakati huo, nimeshika kitabu ambacho sijafungua.


Jumatatu, 17 Machi

Nilikwenda chuoni kufukia shimo na kufagia maegesho kabla kamati haijaja. Angalau pawe safi.

Sikuweza. Wanafunzi wamezungushia kamba mto wote, kutoka bombani hadi chini. Wamepanga zamu za kuulinda dhidi ya wafagiaji. Wamechomeka vibendera vya karatasi kila mahali: UKINGO UNAOLIWA. KISIWA. HAPA MAJI YALICHOKA. Kuna binti anapima kona kwa rula na uzi. Kumbe walikuwa hapa Jumamosi na Jumapili, hakuna aliyewatuma.

Litaulizwa yuko chini kabisa, amepiga magoti kwenye tope lililokauka, anachambua kokoto kwa ukubwa. Nilimwambia hili halitaulizwa kwenye mtihani. Akasema anajua, bila kuinua kichwa.

Penye delta kuna bendera kubwa kuliko zote. DELTA YA MKUU WA IDARA. Niliwasihi waitoe. Wakasema kijiografia ndiyo sahihi, kitu huitwa kwa mahali kilipo. Kanuni hiyo waliipata kwangu.


Jumatano, 19 Machi

Nimemweleza mwanangu habari za vibendera. Alikuwa ananyonyesha. Akauliza kama kokoto zimebaki karibu na mdomo wa mto na tope ukingoni. Nikasema ndiyo, zimejipanga kama kitabuni. Akauliza upana wa kona ya tatu. Sikujua. Akanitazama kwa masikitiko—unakuwa na mto mzima halafu hujapima kona ya tatu?

Ameniambia mimi mwenyewe, si kupitia kwa baba yake.

Kesho anakwenda mbele ya kamati. Kapiga pasi sketi ya bluu. Mume wangu anaandaa mfuko wa mtoto tangu saa kumi. Kila kitu kimepangwa kwa ukubwa, vizito chini.


Alhamisi, 20 Machi

Naandika nimekaa kwenye benchi nyuma ya idara. Mjukuu amelala begani, kwa hiyo mwandiko huu usilaumiwe.

Wamekuja watatu: Mkuu, na wajumbe wawili wa kamati, mmoja mrefu mmoja mwenye mkoba. Mwanangu amesimama pembeni yao, mgongo umenyooka. Aliniomba nisiseme neno. Nimeahidi. Safari hii karibu nijizibe mdomo kwa mtoto.

Walianzia kwenye shimo. Mjumbe mrefu akauliza ni nani aliyechagua mahali hapa. Mwanangu akajibu kwamba kozi ni yake na wajibu ni wake. Nikainuka nusu. Mume wangu akanivuta gauni, nikakaa.

Mjumbe wa mkoba anaandika. Kauliza kwa nini kitu hiki kisioneshwe kwa video, salama, bila chuo kukosa maji. Mwanangu akasema video anazo, nzuri, na wanafunzi huzitazama. Kisha akamwita Litaulizwa.

Kijana ameanzia bombani. Hakuinua karatasi yoyote. Ameeleza jiwe, kona, ukingo uliodondoka, amewatembeza hadi chini. Kwenye kona ya tatu akasema maji yalipita hapa siku ile, lakini yakifunguliwa tena yatakata pale, kwenye ile shingo nyembamba ya ardhi kati ya mikunjo, na kona hii itabaki peke yake kama kiatu kilichosahauliwa. Mjumbe mrefu kamuuliza anajuaje. Litaulizwa akasema hajui, anatabiri. Akaongeza kwamba Mwalimu alikosea kuhusu nyasi, lakini aliwapa kanuni ya kumkosoa. Mkuu alikohoa. Nadhani alikuwa anacheka, ila mkono ulikuwa mdomoni.

Wamefika kwenye delta. Bendera bado ipo. Mkuu ameisoma. Tumesubiri wote, hata wafagiaji kule mbali wamesimama.

Amekunja suruali.

Amechuchumaa—viatu vile!—ameokota chembe za mchanga, anazisugua kati ya vidole. Mjumbe wa mkoba kamkumbusha kwamba wana kikao kingine. Mkuu anaiangalia kona ya tatu. Kisha anauliza, bila kumtazama mtu, kama hapa karibu kuna ndoo ya maji.

Wanafunzi wanne wamekimbia kwa pamoja. Ndoo moja imerudi nusu, iliyobaki imemwagika njiani. Mkuu kaishika mwenyewe, karibu na shingo ile nyembamba. Sasa anamuuliza mwanangu: akimwaga polepole, na akimwaga kwa kishindo, itakata wapi?

Mjumbe mrefu anatazama saa. Mjumbe wa mkoba ameacha kuandika, amesogea kuona.

Mwanangu naye kaketi chini kabisa, kwenye tope, na sketi ya bluu. Ameweka kidole penye shingo ya mto. Anavuta pumzi—ile ndefu, ya mtu anayeanzia mwanzo wa dunia.

Pumzi hiyo naijua. Aliirithi kwangu.

Mume wangu amefungua mfuko, anatoa chupa ya pili. Anasema tutakuwa hapa muda mrefu.